Mshauri Asiwe Hakimu

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, vituo vya mabasi vya Dodoma, Morogoro, Mbeya na Dar es Salaam hujaa vijana wenye mabegi makubwa na magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Hao ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza waendao vyuoni. Nyuma ya kila mmoja wao pana ukoo uliochanga, ng'ombe aliyeuzwa, au mama aliyekopa katika kikundi cha wanawake wenzake ili nauli ipatikane. Wananchi huwaaga vijana hao kwa vigelegele, na ni haki yao kupiga vigelegele. Leo twapenda kunena juu ya yale yawapatayo vijana wale baada ya vigelegele kwisha, na hasa juu ya mtu mmoja ambaye kazi yake haijulikani sana na wasomaji wetu, yaani mshauri nasaha wa chuo.

Kazi ya mtu huyu ni kusikiliza. Mwanafunzi aliyeelemewa humwendea, akaketi naye faraghani kwa muda wa saa moja hivi, akamweleza kinachomkosesha usingizi. Mshauri hamwandikii dawa, wala hampi fedha, wala hamwombei kwa mwalimu aongezewe alama. Humsaidia kulitazama jambo lake, kulichambua, na kuona lipi laweza kutengenezwa leo na lipi halina budi kungoja. Akiona kwamba mambo yamevuka uwezo wake, kwamba kijana haoni tena sababu ya kuishi, au ameanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, humpeleka kwa daktari. Ni kazi ya kufundishwa, yenye masomo yake na miiko yake, kama ilivyo kazi ya mkunga.

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo ya kizungu na ya kudekeza watoto. "Sisi tulisoma kwa kibatari, tukatembea maili sita kwenda shule, tukala maharage yenye wadudu, wala hapakuwa na mshauri." Maneno haya tumeyasikia katika mikutano, nayo husemwa na watu wazima wenye heshima zao, wala hatupendi kuyapuuza. Lakini hayasemi kweli yote. Katika kila darasa la waliosoma kwa kibatari walikuwapo waliorudi nyumbani katikati ya muhula, ikasemwa wamerogwa, au kwamba vitabu vimewapanda kichwani. Ni vijiji vichache visivyo na mtu wa namna hiyo, ambaye alikuwa hodari wa hesabu na sasa ashinda kando ya barabara akizungumza peke yake. Hatukumhesabu, kwa kuwa asiyefika hatoi hotuba siku ya mahafali.

Wala jambo hili si geni kwa Waafrika. Mwaka 1960 daktari mmoja wa maradhi ya akili kutoka Kanada, Raymond Prince, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika juu ya wanafunzi waliomjia wakilalamika kwamba vichwa vyao vinawaka moto, kwamba macho hayashiki mistari, na kwamba wakisoma ukurasa mzima hawabaki na neno hata moja. Wenyewe walisema ubongo umechoka. Vijana wale hawakuwa walegevu. Walikuwa wa kizazi kile kilichokuwa kikingojea kupokea nchi kutoka mikononi mwa Waingereza, na kila mmoja wao alibeba matumaini ya ukoo. Mabingwa wamebishana tangu hapo kama huo ni ugonjwa wa peke yake au ni sura nyingine ya wasiwasi na sonona. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Lililo muhimu kwetu ni kwamba mzigo ulikuwapo siku zile, kabla ya simu za mkononi na kabla ya hayo yote tunayopenda kuyalaumu leo.

Tuutazame mzigo wenyewe. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifungua milango Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria walioanza hawakufika 20. Mwalimu aliwajua wote kwa majina. Kama mmoja hakuonekana kwa siku mbili, iliulizwa yuko wapi. Leo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilibuniwa kuchukua wanafunzi 40,000, idadi ambayo ni mji kamili. Katika mji huo kijana aweza kukaa wiki mbili bila kuingia darasani, na asiulizwe na mtu. Wapo wanaoishi kwa namna ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita kubebana, wawili katika kitanda cha mmoja, kwa kuwa hawakupata chumba wala fedha za kupanga. Wapo wanaopokea fedha za kujikimu, hilo "bumu" kama walivyolibatiza, na kabla ya jioni nusu yake imekwisha kutumwa kijijini kwa ajili ya karo ya mdogo wao. Wapo walioitia nusu nyingine katika michezo ya kubahatisha wakidhani itazaa, na sasa hawathubutu kumtazama mtu usoni. Na yupo yule aliyefeli masomo mawili, ambaye baba yake amekwisha kuwatangazia watu msikitini au kanisani kwamba mwanawe atakuwa mhandisi. Huyo hurudia mtihani kwa siri, na huandika nyumbani kwamba mambo ni mazuri.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani, na kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Umri huo ndio umri wa chuo. Hatuandiki haya ili kuwatisha wazazi. Wengi wa vijana wanaoelemewa hawafiki huko kabisa. Huacha kula, huacha kuoga, huacha kusoma, na mwisho huacha chuo. Mfanyakazi anayesoma ukurasa huu, naye alisomeshwa kwa mkopo wa Serikali, ajua kwamba kila mwisho wa mwezi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Basi na ajue pia kwamba kijana akianguka katika mwaka wa pili, deni halianguki pamoja naye. Humfuata kijijini, asiye na cheti wala kazi. Hatupendi kumpima mwana wa mtu kwa shilingi, lakini kwa kuwa wengine huuliza gharama ya mshauri ni kiasi gani, yafaa na gharama ya kutokuwa naye ihesabiwe.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Vyuo vyetu vingi vitajibu kwamba washauri wanao. Hatukatai. Swali letu ni hili: mshauri huyo yuko chini ya nani, na akiisha kuambiwa jambo, jambo hilo laenda wapi?

Lugha yenyewe imetutega. Katika vyuo vyetu yupo afisa mkubwa aitwaye Mshauri wa Wanafunzi. Huyu ndiye asimamiaye mabweni, vibali, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi na, katika vyuo vingi, mashauri ya nidhamu. Ni kazi ya lazima, na hatuna neno na waifanyao. Lakini jina lake ni la mshauri, na fimbo iko mkononi mwake. Mahali pengine mshauri nasaha ni karani chini ya afisa huyo, au ni mhadhiri aliyeongezewa kazi hiyo juu ya masomo yake, naye mwezi wa Julai ndiye asahihishaye mtihani wa kijana aliyemlilia mwezi wa Mei.

Mwandishi wa maneno haya alipata kutembelea chuo kimoja, ambacho hatukitaji, akaonyeshwa chumba cha mshauri nasaha. Kilikuwa katika ujia uleule wa ofisi ya nidhamu. Nje paliwekwa benchi moja, na juu ya benchi hilo waliketi pamoja walioitwa kuhojiwa kwa udanganyifu wa mtihani na waliokuja kwa hiari yao kuomba msaada. Kila apitaye aliwaona, na hapakuwa na njia ya kujua nani ni nani. Mshauri mwenyewe, mama mpole na mwenye elimu ya kazi yake, alieleza kwamba yeye pia ndiye katibu wa kamati ya nidhamu. Alipoulizwa ni wanafunzi wangapi wamemjia kwa hiari tangu muhula uanze, alifungua daftari lake, akalifunga tena. Wachache, alisema.

Si ajabu kuwa wachache. Mwandishi huyu alilelewa katika shule ya misheni. Mkuu wa shule alikuwa padri, naye alikuwa na fimbo. Jumamosi jioni padri mwingine alikuja kwa pikipiki kutoka parokia ya jirani kutuungamisha, nasi watoto tulidhani ni zamu tu. Baadaye tulijifunza kwamba ni sheria. Kanuni ya 985 ya Sheria za Kanisa Katoliki zilizotolewa mwaka 1983 yamkataza mkuu wa seminari au wa nyumba nyingine ya malezi kuwaungamisha wanafunzi wakaao chini yake, isipokuwa mmoja mmoja akiomba mwenyewe kwa hiari. Kanisa limetunza siri za watu kwa karne nyingi, nalo liliona kwamba mkono uadhibuo na sikio lisikialo visikae katika mwili mmoja. Maana mtoto atanyamaza, au atasema uongo, na vyote viwili vitamdhuru. Watu wa Pwani wanao mfano wa kwao. Mwari hafundwi na mama yake mzazi. Hupewa somo, hupewa kungwi, mtu wa kando, aambiwe yale ambayo mbele ya mama yasingetamkika.

Na mfanyakazi wa kiwandani hahitaji mifano ya kanisa wala ya unyago. Ajua kwamba kama daktari wa kiwanda hupeleka habari zake zote kwa meneja, mwenye kukohoa damu atasema ana mafua.

Liko jambo zito zaidi. Wasichana wetu vyuoni hupatikana na adha ya rushwa ya ngono, mhadhiri amwambiapo binti kwamba alama zake ziko chumbani kwake. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimelifanya jambo hilo kuwa kosa. Sheria iko, lakini binti ataanza kulisema wapi? Mara nyingi huanza kwa kusema kwamba halali usingizi, kwamba kichwa chauma, kwamba somo fulani hawezi tena kulisoma. Mshauri hodari, akiwa na muda na akiwa na mlango wenye kufungwa, atalifikia neno lenyewe siku ya pili au ya tatu. Lakini kama mshauri huyo anakaa meza moja na mhadhiri yule katika chumba cha walimu, na kupandishwa kwake cheo kunapitia kwa mkuu wa idara yuleyule, binti hatafika siku ya pili.

Hapa yatupasa kusema na Chama chetu wenyewe, maana gazeti la Chama lisilokisemesha Chama lina faida gani? Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Wengi wao walipokelewa tena baadaye. Hatuzungumzii leo nani alikuwa na haki. Twakumbusha tu kwamba baina ya wenye kuongoza na wenye kusoma zimekuwapo nyakati za kutoaminiana, na kwamba katika nyakati kama hizo kiongozi hutamani kuwa na sikio ndani ya mabweni. Sikio hilo lisiwe la mshauri nasaha. Kiongozi wa tawi, katibu wa vijana, afisa wa usalama au mkuu wa chuo mwenyewe asimwendee mshauri kumwuliza fulani alisema nini. Siku habari ya namna hiyo itakapovuja mara moja tu, chumba kile kitakuwa kitupu kwa miaka mitano, na watakaoumia si wenye siasa kali. Hao wana marafiki wa kuwasikiliza. Ataumia yule mtoto wa Kasulu au wa Nachingwea asiye na mtu.

Siri hiyo ina mpaka. Maisha ya kijana, au ya mwenziwe, yakiwa hatarini, mshauri hana budi kusema, na mshauri mwema humweleza kijana hivyo tangu siku ya kwanza, ili asije akadhani amesalitiwa. Lakini amwambie nani? Amwambie daktari, na jamaa pale inapofaa. Kwa sasa kijana ana sababu ya kuogopa polisi pia, maana Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa wakoloni, yahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa katika kifungu chake cha 217. Waingereza waliotuachia mawazo hayo waliifuta sheria kama hiyo kwao mwaka 1961, mwaka uleule tuliopata Uhuru. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha namna hiyo chapingana na Katiba ya nchi hiyo. Bunge letu lilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, ikamwona mgonjwa kuwa mtu wa kutibiwa. Si vema sheria nyingine imwone mgonjwa yuleyule kuwa mkosaji. Twaomba Wabunge walitazame jambo hili bila kungoja msiba wa mtoto wa mtu mkubwa.

Na sisi waandishi tusijisafishe. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma imewatibu Watanzania tangu mwaka 1927, na jina lake tumeligeuza kuwa tusi. Kijana aambiwapo na wenzake kwamba amekuwa wa Mirembe, atauficha ugonjwa wake mpaka umshinde. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee. Lakini sisi ndio tunaomfundisha kuficha.

Juu ya idadi hatutasema mengi. Huko Marekani, ambako Chuo cha Princeton kilianzisha huduma ya namna hii mapema, mwaka 1910, chama kinachokagua vituo vya ushauri vya vyuo kimeshauri awepo mshauri mmoja kwa kila wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Kwa kipimo hicho chuo chenye wanafunzi 40,000 kingehitaji washauri 27 kwa uchache. Hatuna uwezo huo leo, na anayeahidi kuufikia mwakani anatafuta kura.

Lakini tusikae tukingoja. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliona kwamba nchi yake ina madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, akawafundisha bibi wazee wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuketi na watu wenye majonzi juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Nasi husema fulani ana mawazo, na kila mtu huelewa. Uchunguzi wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 walioketi na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa madaktari, lakini hawakuachwa peke yao. Walifundishwa, walisimamiwa, na aliyezidiwa alipelekwa kwa wenye elimu zaidi.

Vyuo vyetu vina watu wa namna hiyo tayari. Mpishi wa bwalo hujua nani hajaja kula siku tatu. Msafishaji wa bweni hujua chumba ambacho dirisha halifunguliwi. Mlinzi wa usiku humjua kijana azungukaye uwanja saa nane za usiku. Hawa ni wafanyakazi, ni wasomaji wetu, na hakuna aliyewahi kuwaita katika semina. Mafunzo ya siku chache yangewatosha kujua maneno gani ya kumwambia kijana, maneno gani ya kutomwambia, na mlango upi wa kumwonyesha. Chama cha wafanyakazi kinaweza kulidai hilo katika mazungumzo yake na waajiri, na lilipwe kama kazi nyingine.

Basi kwa wajumbe wa mabaraza ya vyuo ombi letu ni fupi. Mshauri nasaha aondolewe katika kamati zote za nidhamu. Asifundishe wala asisahihishe mitihani ya wale anaowasikiliza. Daftari lake lifungwe kwa ufunguo, na asiwe na wajibu wa kulionyesha kwa mkuu wa chuo wala kwa Chama. Atoe hesabu tu ya wangapi walifika, bila majina. Awekwe chini ya zahanati ya chuo. Haya hayahitaji bajeti mpya wala mfadhili kutoka nje. Yahitaji barua moja na kikao kimoja kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajashuka kwenye mabasi.

Katika chuo kile tulichokisema, mama yule mshauri alituonyesha chumba kingine nyuma ya maktaba, chenye mlango wake upande wa miti, ambako mtu aweza kuingia bila kuonwa. Amekiomba kwa miaka miwili. Kimejaa viti vibovu vinavyongoja kufutwa katika hesabu za mali ya chuo.